Sheria za Kiingereza nazijua zote, mbona nikiandika nakosea?

SWALI

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, nina miaka 22. Masomo yetu yote ni kwa Kiingereza. Lugha hii nimeisoma tangu nikiwa mdogo na sarufi yake naijua kwa kichwa. Ukiniamsha usiku wa manane nitakutajia nyakati zote 12, kila mmoja na mfano wake. Mitihani ya kujaza nafasi nilikuwa nafanya vizuri sana. Lakini nikipewa karatasi tupu niandike mwenyewe, au nikisimama niseme, kila kitu kinayeyuka.

Wiki mbili zilizopita tulipewa zoezi la kuandika aya fupi kuhusu mtu wa familia. Hii ndiyo niliyoandika, nainakili kama ilivyo:

"My sister is a nurse. He work in a big hospital. Yesterday I have met her and she gave me many advices. She also gave me a book which I like it. I started to read it at night but I didn't finished. If I would have more time, I would read every day. I am knowing that books will help me."

Ilirudi na maduara manane ya wino mwekundu. Sentensi saba, makosa manane. Chini mhadhiri aliandika tu kwamba nirudie sarufi. Nirudie nini tena? Nilikaa na ile karatasi usiku, nikaona kwamba mengi kati ya yale makosa sheria zake nazijua. Ukiniuliza "he" ni nani na "she" ni nani nitakujibu. Sasa mkono unaandika vingine kwa nini?

La pili ndilo lililoniumiza. Mhadhiri huyohuyo alipita akikusanya kazi, akaniuliza, "You haven't brought your assignment?" Nilikuwa sijaileta kweli, nikamjibu, "Yes." Akaitikia kwa kichwa, akaenda kwa mwingine. Siku iliyofuata alipoikosa kwenye rundo, alisema mbele ya darasa zima kwamba nimemdanganya. Mwalimu, sikudanganya. Nilimjibu ukweli, na mpaka leo sielewi kosa langu lilikuwa wapi.

Tangu siku ile sinyooshi mkono darasani. Rafiki yangu mmoja ananiambia niache kabisa kufikiri kwa Kiswahili, nisikiongee hata nyumbani, mpaka Kiingereza kikae. Mwingine anasema sarufi ni kupoteza muda, nitazame filamu tu, nitajikuta naongea. Na hizo "a" na "the" ndizo zinazonitoa jasho, naziweka kwa kubahatisha. Nimsikilize nani?

Ni mimi,
Niliyeacha kunyoosha mkono

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na hilo la pili, kwa sababu nadhani ndilo limekukaa moyoni kuliko maduara. Hukudanganya. Ulijibu Kiswahili sahihi kwa neno la Kiingereza, na hapo ndipo wewe na mhadhiri wako mlipopishana.

Kwetu, mtu akiuliza "Hujaleta kazi?" ukamjibu "Ndiyo", unamwambia kwamba alivyosema ndivyo ilivyo: sijaleta. "Ndiyo" yetu inakubaliana na maneno ya muulizaji. Kiingereza hakiangalii maneno ya muulizaji, kinaangalia jambo lenyewe. Kama kazi imeletwa, jibu ni "yes". Kama haijaletwa, jibu ni "no", hata swali ligeuzwe namna gani. Kwa hiyo wewe ulisema "alivyosema ndivyo", yeye akasikia "nimeleta". Ulitakiwa kusema, "No, I haven't."

Mpaka jambo hili likukae, usiliache "yes" wala "no" peke yake. Liambatanishe na mkia wake kila mara: "No, I haven't", "Yes, I have", "No, I don't". Ukiteleza mwanzoni, mkia utakuokoa, kwa sababu ukisema "Yes, I haven't" mwenzako atashtuka na kukuuliza tena. Na nakuomba umwendee mhadhiri wako, umweleze haya kwa sentensi mbili tatu. Mwalimu anayefundisha watu wanaowaza kwa Kiswahili atafaidika kujua, na wewe utatua mzigo usiokuwa wako.

Sasa tuje kwenye aya. Nimeisoma na kalamu mkononi, na kabla ya maduara nataka uone ambacho hakikuzungushiwa. Uliandika "a big hospital". Sisi tunasema "hospitali kubwa", jina kwanza, sifa baadaye, na kitu kama "a" hatuna kabisa. Wewe uligeuza mpangilio, ukaweka na "a", wala hukutoka jasho. Uliandika "a book" kwa kitabu kinachotajwa mara ya kwanza, ukakiita "it" kwenye sentensi inayofuata, halafu mwishoni ukaandika "books" bila chochote mbele kwa sababu ulikuwa unazungumzia vitabu kwa jumla. Hayo yote ni sahihi, na ndiyo hayo hayo unayoniambia unabahatisha. Kuna sarufi iliyokwisha kushuka kutoka kichwani mwako mpaka mkononi. Kazi iliyobaki ni kuiteremsha na hii nyingine.

Angalia "He work". Kwenye Kiswahili "anafanya kazi" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, na hatukosi kitu. Lakini tazama sentensi inayofuata: umeandika "her" na "she", sawasawa. Kwa hiyo tofauti unaijua, mkono uliteleza tu. Mwaka 1967 mtaalamu wa isimu wa Uingereza, Pit Corder, aliandika kwamba makosa ya wanaojifunza lugha hayafanani. Kuna ya kuteleza, ambayo mwenyewe ukirudia kusoma unayaona. Kuna mengine yanayotokana na kanuni ambayo mwanafunzi amejijengea kichwani, na hayo hata asome mara kumi hayaoni, kwa sababu kwake ni sahihi. "He" yako ni ya aina ya kwanza. Haihitaji urudie sarufi, inahitaji ukimaliza kuandika usome upya mara moja kwa ajili ya "he" na "she" peke yake, bila kutafuta kosa lingine lolote.

"Work" iliyokosa "s" ni sugu zaidi, na usijichukie kwa ajili yake. Mwaka 1973 Roger Brown, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha utafiti wake juu ya watoto watatu waliokuwa wakijifunza Kiingereza kama lugha ya mama. Mwisho wa "-ing" ulikuwa miongoni mwa vitu vya mwanzo walivyovimudu. Ile "s" ya "she works" ilikuja nyuma sana. Kama mwenye lugha anaichelewa, sisi je? Tena Kiswahili kimetuzoesha kumtafuta mtenda mwanzoni mwa kitenzi: ninafanya, unafanya, anafanya. Kiingereza kimemweka mkiani, tena kwa nafsi moja tu, na kwa sauti ndogo inayomezwa mtu akiongea haraka. Dawa niliyoona ikisaidia ni kusoma kwa sauti ukiivuta hiyo "s" kupita kiasi, "workssss", mpaka sikio lako likiikosa liulize iko wapi.

Duara la "Yesterday I have met her" ndilo ninalotaka tukae nalo, maana nadhani lina mzizi mrefu kuliko mengine. Bila shaka uliwahi kufundishwa kwamba "-me-" ni "have" na "-li-" ni wakati uliopita. Ni kweli nusu. Kiswahili cha kila siku kinakubali "nimekutana naye jana" bila mtu kukushangaa. Kiingereza hakikubali. Ukishataja muda uliokwisha, kama jana, juzi, mwaka jana au nilipokuwa mdogo, "have" inaondoka na unabaki na "I met her". "Have" inakaa pale ambapo husemi lini, unachotaka kijulikane ni kwamba jambo limekwisha kuwa na matokeo yake yapo sasa: "I have finished", kazi hii hapa.

Nusu ya pili ndiyo ambayo watu wengi hawaambiwi. Chukua "mtoto amelala". Ukiigeuza kwa kanuni ya darasani utapata "the child has slept", na Mwingereza ataelewa kwamba mtoto alilala na pengine ameshaamka. Ulichotaka kusema ni "the child is asleep". "Amesimama" mara nyingi ni "she is standing". "Amevaa koti" ni "she is wearing a coat". "Amechoka" ni "she is tired". "-me-" yetu inapenda kueleza hali ambayo mtu yumo baada ya tendo, na Kiingereza kinazigawa hali hizo kwenye maumbo mbalimbali. Kwa hiyo kila "-me-" inapokujia, jiulize mambo mawili. Je, nimetaja lini? Kama ndiyo, tumia "met", "went", "finished". Kama sivyo, je, nasimulia tendo lililokamilika au namweleza mtu alivyo sasa hivi? Mwanzoni itakuchelewesha. Baada ya wiki chache utaona swali linajiuliza lenyewe.

"Many advices" ni kosa la namna nyingine, na nalipenda kwa sababu linamjibu yule rafiki anayekwambia uache Kiswahili. Kwa Kiswahili ungesema "ushauri mwingi", umoja, siyo? Na Kiingereza nacho hakina wingi wa "advice". Ungefuata lugha yako ungepata. Ulichofuata ni sheria ya Kiingereza yenyewe, kwamba vikiwa vingi weka "s", ukaivusha mpaka mahali isipofika. Lakini usijiachie sana, kwa sababu kuna majina ambayo Kiswahili kitakuponza. "Taarifa nyingi" zitakuvuta uandike "informations", na "nywele zake ni ndefu" zitakuvuta uandike "her hairs are long". Kiingereza kinasema "information" na "hair", umoja yote mawili. Haya ni ya kukariri, jina moja moja, kila unapokutana nalo.

"A book which I like it" ni Kiswahili kitupu: "kitabu ambacho ninakipenda". Ile "-ki-" ndiyo "it" yako. Sisi hurudi nyuma kukigusa tena kitabu, lakini Kiingereza kikishasema "which" hakirudi. Futa "it", basi.

Kwenye "I didn't finished" sikufundishi kitu kipya, nakukumbusha unachokijua tangu hujaanza shule. Kanusha "nililala". Utasema "sikulala". Hakuna mtu duniani anayesema "sikulilala". Alama ya wakati uliopita ikishaguswa na ukanushi, "-li-" inatoka. Kiingereza kinafanya karibu vivyo hivyo: "did" imeshaubeba wakati uliopita, kitenzi kinarudi kuwa kitupu, "I didn't finish". Hata kwenye swali ni hivyo hivyo, "Did you finish?" Ukiwa na shaka, iseme kimoyomoyo "sikulilala", usikie inavyokera, na "didn't finished" itaanza kukukera vilevile.

"If I would have more time, I would read" nayo imetoka kwenye "ningekuwa na muda zaidi, ningesoma". "-nge-" mbili, "would" mbili. Hili ni la ile aina ya pili ya Corder, maana naamini ulipolisoma tena uliliona sawa. Kiingereza kinaiweka "would" upande mmoja tu, upande wa matokeo. Upande wa "if" kinaweka umbo la wakati uliopita: "If I had more time, I would read." Hiyo "had" haisemi jana. Inasema kwamba jambo liko mbali na ukweli wa sasa: muda huna. Andika sentensi zako tano za namna hii, za mambo unayoyatamani kweli, uone.

"I am knowing" tusikawie nayo. "-na-" yetu inabeba "ninasoma" na "ninajua" bila ubaguzi. Kiingereza kinaiweka "-ing" kwenye tendo linaloendelea kutendeka, na kujua, kupenda, kutaka, kuamini huvihesabu kama hali. "I know."

Ulisema "a" na "the" unazibahatisha. Nakupa kitu cha kushika. Sema kwa sauti: "Nimeona kitabu." Sasa sema: "Nimekiona kitabu." Umesikia tofauti? Cha kwanza ni kitabu chochote, msikilizaji hakijui. Cha pili ni kile kitabu, kile tunachokijua mimi na wewe, pengine tulikuwa tunakitafuta tangu asubuhi. Cha kwanza ni "I have seen a book", cha pili ni "I have seen the book". Tofauti ile ile unayoiogopa kwenye Kiingereza umekuwa ukiiweka kwa silabi moja maisha yako yote bila kukosea. Kipimo hiki kitumie kwa vitu tu, kwa sababu kwa watu husema "nimemwona mtu" hata kama humjui, na hapo kitakudanganya. Wala hakifiki kila mahali: "the sun", "the first day" na vingine kama hivyo utavizoea kwa kusoma. Lakini unapoandika na kalamu imesimama kati ya "a" na "the", igeuze sentensi kwa Kiswahili na usikilize kama inataka "-ki-", "-li-", "-i-" au "-u-" ndani yake.

Sasa marafiki zako. Yule wa kuacha Kiswahili usimsikilize. Umeona mwenyewe kwamba makosa sita au saba kati ya manane tumeyaelewa kwa kuyatazama kutokea kwenye Kiswahili. Ukiizima lugha hiyo utabaki na maduara bila maelezo, kama ulivyokuwa usiku ule na karatasi. Yule wa filamu ana sehemu ya haki, kwani bila kusikiliza huwezi kuongea. Tatizo ni kwamba vinavyokusumbua wewe, yaani "s", "the", "-ed" na "have" iliyokatwa ikawa "I've", ndivyo vinavyotamkwa kwa haraka na kwa sauti ndogo kuliko vyote. Sikio ambalo halijui kinachotafutwa linavipita. Tazama filamu, lakini washa maandishi ya Kiingereza chini, na dakika tano tu kati ya hizo zisimamishe na kurudisha nyuma, ukiwinda kimoja kati ya hivyo.

Na nyakati 12 ziweke kando kwa sasa. Sisemi ni bure. Lakini mtu anayeandika "she works", "she is working", "she worked", "she has worked" na "she will work" bila kusita anaweza kuandika sehemu kubwa sana ya anachokihitaji chuoni, na wewe bado unasita kwenye huo wa kwanza na huo wa nne.

Nunua daftari moja kwa kazi hii tu. Kila kosa likirudi na wino mwekundu, andika sentensi yako kama ulivyoikosea, chini yake iandike kwa Kiswahili, chini yake iandike iliyosahihishwa, halafu useme kwa maneno yako kwa nini mkono ulikwenda kule. Usiandike sheria ya kitabu. Chagua kosa moja kwa wiki, moja tu, na wiki hiyo yote mengine yasamehe. Lifungue daftari kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima yeye mwenyewe, kwamba tunasahau kwa kasi zaidi mara tu baada ya kujifunza na kwamba kurudia kwa vipindi kunashinda kurudia kwa mkupuo. Ndiyo maana ule usiku mmoja na karatasi haukukusaidia, ingawa ulijitahidi.

Kuhusu mkono, sitakwambia tu ujiamini. Kesho kabla ya kipindi andika swali moja la Kiingereza kuhusu somo la siku hiyo. Lipitie kwa jicho la "s" na jicho la "he" na "she", lisome kwa sauti mara tatu ukiwa peke yako, kisha ingia nalo darasani na unyooshe mkono kwa ajili ya hilo moja. Keshokutwa lingine.

Leo jioni iandike upya aya ya dada yako bila kuitazama ile ya zamani. Ukimaliza ziweke pamoja, uone ni maduara mangapi yamejifuta yenyewe, kisha nitumie zote mbili. Yatakayokuwa yamebaki tutayashughulikia pamoja.